Ukialikwa Kwenye Ski, Haya Iache Bondeni

Mwaliko huja mapema, Oktoba au Novemba, theluji yenyewe haijaanguka. Wenzako wa kazini au wa chuo wanafungua kundi la WhatsApp, mmoja anatuma picha ya nyumba ya mbao iliyozungukwa na misonobari, mwingine anauliza nani yumo. Wewe unaishi Munich, Stuttgart au Zürich. Baridi ya mjini umeshaizoea, ila ski hujawahi kuzigusa. Unaandika "nimo" kwa kuwa wote wameandika hivyo, na mambo yanaanza kwenda bila wewe kuulizwa tena.

Waafrika wenzetu wengi hurudi kutoka milima ya Tyrol, Austria, wakiapa kwamba hawapandi tena. Ukiwadadisi, ni wachache watakaokuambia theluji iliwashinda. Utasikia zaidi habari za kufuata mkumbo: nyumba iliyowazidi kipato, mteremko uliowazidi uwezo, buti zilizowabana tangu asubuhi hadi jioni nao kimya, eti wasionekane wasumbufu. Tumelelewa kwamba mgeni hachagui. Anakula alichopakuliwa na kushukuru. Mlimani adabu hiyo inavunja miguu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushauri wangu inahusu kusema, na kusema mapema, mguu haujafungwa hogo.

Anza na pesa, maana ndizo zinazoonewa haya kuliko vyote. Tuseme kundi lenu linakwenda bonde la Ziller hukohuko Tyrol, ambako kwa gari ni kama saa mbili kutoka Munich barabara ikiwa tupu. Pasi ya lifti ya siku moja katika vituo vikubwa vya Tyrol siku hizi ni karibu yuro 80 kwa mtu mzima. Ongeza kukodi ski, buti na helmeti, ada ya mwalimu, chumba, petroli, stika ya barabara kuu za Austria, na chakula cha mchana kwenye migahawa ya mlimani ambako hata chupa ya maji ina bei ya kukutoa jasho. Wiki nzima ya hivyo inaweza kumeza pato la mwezi la mwanafunzi mwenye kibarua. Hakuna atakayekushangaa ukilisema hilo. Wajerumani hawaoni haya kuzungumzia pesa. Safari ikiisha watakugawia hadi gharama ya karatasi za chooni, senti kwa senti. Andika kwenye kundi: uwezo wangu ni kiasi hiki, nyumba ikizidi hapo msinihesabu. Mara nyingi utakuta wengine wawili watatu walikuwa wanasubiri mtu wa kuanza.

Mwenye mfuko mdogo ana pa kupenyea. Krismasi hadi mwaka mpya, na zile wiki za Februari ambazo shule zimefungwa, bei hupaa na foleni za lifti hurefuka. Januari baada ya tarehe 6 huwa tulivu na nafuu, ingawa baridi yake haina mchezo. Machi ina jua na siku ndefu, lakini theluji yake asubuhi ni barafu tupu na alasiri ni uji. Halafu, anayeanza hahitaji pasi ya bonde zima. Siku mbili tatu za mwanzo utakuwa kwenye uwanja wa mazoezi wenye lifti fupi, na vituo vingi vinauza tiketi ya lifti hizo pekee kwa bei ndogo. Usikubali kukatiwa pasi ya siku sita pamoja na kundi kwa sababu tu mtu mmoja ameshafungua ukurasa wa malipo. Uliza kwanza dirishani.

Nyaraka hazihitaji maneno mengi. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani au cha nchi nyingine ya Schengen anaingia Austria, Italia au Uswisi kwa matembezi bila viza nyingine, mradi abebe pasipoti na kibali chenyewe, si picha yake kwenye simu. Polisi wa Ujerumani hukagua treni na magari yanayotoka Austria, na katika behewa zima unajua mwenyewe wataanza na nani. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen. Huyo aanze kuhangaikia miadi tangu Septemba. Wenye gari wakumbuke kwamba Austria hairuhusu kuendesha bila matairi ya baridi kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 15 barabara zikiwa na theluji au barafu.

Kwenye bima nitakusumbua kidogo. Kadi ya bima ya afya ya umma ya Ujerumani ina upande wa nyuma unaotambulika Ulaya, na itakufaa kwenye hospitali ya umma ya Austria. Lakini hailipi kukuteremsha mlimani. Helikopta ikija kukuchukua, na kule huja hata kwa goti, bili yake huwa maelfu ya yuro na huandikwa jina lako. Zahanati binafsi zilizo karibu na lifti nazo zina bei zake. Kata bima ya safari inayotaja wazi michezo ya theluji, uokoaji mlimani na kurudishwa nyumbani. Au jiunge na klabu ya wapanda milima kama Alpenverein ya Austria, ambayo ada yake ya mwaka inajumuisha bima ya uokoaji. Uwe pia na bima ya dhima, ile inayolipa ukimwumiza mtu mwingine. Italia tangu 2022 huruhusiwi kuingia kwenye miteremko bila hiyo. Hifadhi namba kwenye simu: 112 inapokelewa kote, 140 ni ya waokoaji wa milimani Austria, na Uswisi helikopta huitwa kwa 1414. Simu yenyewe ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, maana baridi humaliza chaji haraka ajabu.

Nguo, kwa kifupi, pamba ibaki nyumbani. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, na ukikaa dakika kumi kwenye lifti ya viti upepo ukivuma utajua ulichovaa. Ndani vaa sufu nyembamba au kitambaa cha michezo, juu yake sweta jepesi la joto, kisha koti na suruali zisizopitisha maji. Hizo za nje azima. Karibu kila nyumba ya Kijerumani kusini ina jozi ya ziada inayoning'inia stoo, na hili nalo linataka kusemwa. Nunua tu vinavyogusa ngozi: soksi, glavu, nguo za ndani. Kadiri unavyopanda, kila mita 1,000 joto hupungua kwa takribani nyuzi 6, hivyo usipime baridi ya juu kwa ile ya pale mlangoni.

Jua ndilo wenzetu wanalolidharau. Miale inayounguza huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji mbichi hurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo usoni kutoka chini, kwenye kidevu na matundu ya pua. Ngozi nyeusi nayo huungua, ila haionyeshi wekundu wa kumwonya mwenzako akuambie. Jipake losheni ya kukinga jua asubuhi na mchana, na mafuta ya midomo muda wote. Macho yasiyokingwa huungua vilevile: usiku utahisi umetiwa mchanga, machozi yanatiririka, na kesho yake unashinda gizani. Miwani ya theluji ya kukodi au kuazima iwe na kioo cha rangi ya machungwa kama kuna mawingu. Siku ya mawingu kila kitu huwa cheupe na hutaona tuta lililo mbele ya miguu yako.

Kwa dada zetu, na kwa kaka wenye rasta, kuna jambo ambalo hakuna Mjerumani atakayelikumbuka. Helmeti haikubali fundo utosini. Suka twende kilioni, mistari inayolala, ncha zishuke kisogoni chini ya ukingo wa helmeti. Misuko minene na wigi huiinua helmeti, na helmeti iliyoinuka haikingi kitu. Kofia laini ya satini ndani yake huzuia nywele zisikatike, mradi isiwe na lastiki nene inayochora paji la uso. Boshori la sufu libaki kwa ajili ya jioni. Na helmeti uende kuijaribu ukiwa umeshasukwa, si kabla.

Sasa buti, ambazo naziona ndizo nusu ya safari. Vaa soksi moja, nyembamba, ndefu hadi chini ya goti. Soksi mbili hazileti joto. Zinakunjika, zinabana damu, na mguu unaganda zaidi. Suruali ya ndani isiingie kwenye buti hata ukingo wake, maana mkunjo mdogo tu ukifika saa sita mchana umekuwa kidonda. Ingiza mguu, gonga kisigino sakafuni kirudi nyuma kabisa, funga vifungo vya juu kwanza halafu vya chini, taratibu. Simama wima: vidole viguse mbele. Kunja magoti hadi ugoko uegemee ulimi wa buti: vidole virudi nyuma kidogo na kisigino kisiinuke. Kaa nazo hivyo, zunguka dukani, piga soga. Kubanwa pande zote ni kawaida. Kubanwa mahali pamoja si kawaida, na mfupa wa kifundo unaochomwa dukani utakuwa unalia mlimani. Mguu mpana una buti zake, mwambie mwenye duka azitoe. Hata ukishaondoka nazo, rudi jioni ubadilishiwe. Maduka ya kukodisha yamezoea hilo na aghalabu hayatozi. Usife kizungu na tai shingoni kwa jambo ambalo fundi analimaliza kwa dakika tano.

Fundi huyo atakuuliza uzito, urefu, umri, na kama umewahi kuteleza. Sema kweli. Namba hizo pamoja na urefu wa soli ya buti ndizo zinazoamua kile kibano kinachoshika buti kwenye ski kikaze kiasi gani, yaani kiachie kwa nguvu ipi unapoanguka. Aliyejipunguzia kilo kumi mbele ya rafiki zake anapewa kibano kinachofunguka ovyo. Aliyejitia mjuzi anapewa kisichofunguka, na hapo goti ndilo linalozunguka badala yake. Kama hutaki wasikie uzito wako, mwandikie kwenye karatasi. Ski za mwanagenzi zenyewe ziwe fupi, ncha ifike baina ya kidevu na pua. Ndefu zaidi ni za kupigia picha.

Jambo linalofuata litawauma marafiki: wasikufundishe. Waliokulia Bavaria au Tyrol wamewekwa juu ya ski wakiwa na miaka minne, na hawakumbuki walijifunzaje. Rafiki wa namna hiyo atakupeleka juu kwa moyo mweupe, atageuka akuambie "nifuate tu", kisha utaona mgongo wake ukipotelea kwenye kona. Austria ina walimu wa kazi hiyo tangu zamani. Hannes Schneider alianzisha shule yake ya ski huko St. Anton mwaka 1921, na hadi leo kila kijiji chenye lifti kina shule, na walimu wanaozungumza Kiingereza. Lipia siku tatu za darasa la kikundi. Huanza kwenye saa nne asubuhi, utakuwa na watu wazima wenzako wanaoanguka kama wewe, na mwalimu hatakuhurumia wala kukucheka. Pembeni watoto wa miaka mitatu watapita wakipigiwa kelele "pizza!" na "chipsi!", yaani ski zifanye pembe kama kipande cha pizza ili zipunguze mwendo, au zilale sambamba ili ziende. Usikasirike. Wewe pia unafundishwa pizza hiyohiyo.

Mpango wa siku unaofaa kundi lenye wajuzi na wanagenzi ni kuachana asubuhi na kukutana kwa chakula. Mayrhofen, kwenye bonde hilohilo la Ziller, ina milima miwili. Ahorn juu yake ni uwanda mpana wenye jua, unaowafaa wanaoanza. Penken ni wa wenye uzoefu, na huko kuna mteremko uliopewa jina la Harakiri, wenye mwinamo wa asilimia 78. Kundi litataka Penken. Waache waende, nawe uende Ahorn na mwalimu wako, mwisho wa siku kila mtu awe na hadithi yake. Ukitaka kula nao huko Penken, kata tiketi ya waendao kwa miguu, panda kwa gondola na ushuke kwa gondola. Wazee na wenye watoto wadogo hufanya hivyo kila siku, na supu yao haina tofauti.

Rangi za vibao zisikuchanganye. Ulaya bluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ngumu. Ufaransa huongeza kijani kwa rahisi zaidi. Marekani na Kanada kijani ndiyo rahisi, bluu ni ya kati, nyeusi ngumu. Hivyo binamu wa Colorado akikuambia yeye hushuka bluu, hasemi bluu ya Austria. Na rafiki akikuambia "hii ni nyekundu, lakini nyekundu rahisi", jibu ni hapana, bila maelezo. Ukijikuta umeshafika juu ya mteremko usiouweza, vua ski, kaa ukingoni, mwambie mhudumu wa lifti unataka kushuka nayo. Ni sehemu ya kazi yake.

Mazoezi ya kwanza si kuteleza, ni kuanguka na kuinuka. Ukiona umeshindwa, kaa chini kwa ubavu, upande wa mlimani, usikae kinyumenyume na usijizuie kwa mkono ulionyooka. Fimbo ziachie, ukianguka umekumbatia fimbo, kidole gumba ndicho kinachong'oka kano. Kuinuka, kwanza panga ski zote mbili zikate mteremko, zisielekee bonde wala mlima, ziwe chini yako. Sogeza makalio juu yake, jisukume kwa mkono wa upande wa mlima. Wengi huinuka ski zikiwa zimeelekea bonde, wakasimama sekunde moja, wakaondoka tena bila kutaka. Uzito uwe mbele, ugoko ukisukuma buti. Mwili hukuambia uegemee nyuma kwa kuogopa, na ukiegemea nyuma ski hazikusikii tena.

Lifti ya kukokota, ile yenye mti kama nanga unaopita chini ya makalio, ndiyo inayowaaibisha wengi. Haikaliwi. Simama, magoti yalegee, iache ikuvute. Ukianguka, achia na uondoke njiani upesi, maana anayefuata yuko nyuma yako na hawezi kukukwepa. Lifti ya viti ni rahisi zaidi: fimbo mkono mmoja, tazama nyuma, keti, teremsha upau, karibu na kufika inua ncha za ski, simama kwa utulivu, na uondoke moja kwa moja bila kusimama kupiga selfi mlangoni.

Kanuni za barabarani zipo hata huku, kumi kwa jumla, zilizotungwa na shirikisho la kimataifa la ski, FIS, na mahakama za nchi za Alps huzitumia ajali ikitokea. Iliyo kubwa kwako ni kwamba aliye chini yako ana haki ya njia; hajui kama upo, hivyo kumkwepa ni wajibu wako. Ukisimama, simama ukingoni, panapoonekana kutoka juu, kamwe si nyuma ya tuta. Ukiona ajali, lazima usaidie.

Mtu akikutania kwamba mwili wa Kiafrika haukuumbiwa theluji, mtajie Philip Boit. Mkimbiaji huyo wa Kenya alianza mafunzo Finland mwaka 1996, na kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 alishiriki mbio za ski za kilomita 10, akamaliza wa mwisho, wa 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kuondoka. Alimsubiri Mkenya huyo mwishoni mwa njia amkumbatie, na baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Miaka 20 baadaye, Pyeongchang, Kenya iliwakilishwa kwenye miteremko mikali na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria. Boit alikuwa akiteleza kwenye tambarare, na ski za namna hiyo ziangalie vizuri: njia zake ziko mabondeni, nyingi hazina lifti ya kulipia, vifaa vyake ni nafuu, na mtu mwenye pumzi nzuri hufurahia tangu siku ya kwanza. Ambaye kasi inamtisha, namshauri kwa moyo mmoja aanzie huko.

Helmeti si ya mjadala. Nchini Italia sasa ni lazima kwa watu wa rika zote. Kwingineko vaa hata usipolazimishwa. Na ukigonga kichwa, sema. Mwigizaji Natasha Richardson alianguka Machi 2009 kwenye mteremko wa wanaoanza huko Mont Tremblant, Kanada, akiwa kwenye somo, bila helmeti. Aliinuka akitania, akasema yuko sawa, msaada wa kwanza ukarudishwa. Siku mbili baadaye alifariki kwa damu iliyovujia baina ya fuvu na ubongo. Maumivu ya kichwa yanayoongezeka, kutapika, usingizi usio wa kawaida: hapo hakuna kungoja kesho wala kumwonea huruma mwenye gari. Goti nalo likilia "pa!" kisha likavimba jioni, ski zimekwisha kwa safari hiyo. Kujikaza kisabuni siku mbili zaidi kunageuza wiki sita za mazoezi kuwa upasuaji.

Nje ya njia zilizotengenezwa, usifuate mtu. Utaona theluji safi isiyokanyagwa hatua chache kutoka kwenye kamba, na mmoja wenu atasema amewahi kupita hapo. Hatari ya poromoko la theluji hutangazwa kila siku kwa kiwango cha 1 hadi 5, na wengi hudhani 3 ni katikati, yaani si vibaya. Sehemu kubwa ya vifo hutokea siku za kiwango cha 3. Idadi kubwa ya wanaofukiwa hufukiwa na poromoko walilolianzisha wenyewe au mwenzao wa kundi. Aliyefukiwa ana dakika kumi hadi kumi na tano za matumaini makubwa, baada ya hapo hewa inamwishia. Helikopta haifiki ndani ya muda huo. Anayemfukua ni rafiki aliye karibu, kama kila mmoja ana kifaa cha kutoa mawimbi, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo, na wote wamefanya mazoezi. Kundi la ofisi halina vitu hivyo. Huna sababu ya kuona haya kubaki kwenye njia.

Jioni nayo ina mitego yake. Lifti nyingi hufungwa kwenye saa kumi au kumi na nusu, na baada ya hapo mitambo ya kusawazisha theluji huingia njiani. Mingine huvutwa kwa waya mrefu wa chuma uliofungwa juu ya mlima, wakati mwingine zaidi ya nusu kilomita, ambao gizani hauonekani na unaweza kumkata mtu. Kundi linalobaki mgahawani likinywa hadi usiku halafu likashuka kwa ski linacheza na waya huo. Shukeni na lifti ya mwisho, mnywe bondeni.

Kwa asiyekunywa, Jagertee ina ramu licha ya kuitwa chai, na Glühwein ni divai ya moto. Agiza chai ya matunda au chokoleti ya moto, na useme isitiwe pombe. Wasiokula nguruwe waangalie Speckknödel, yale matonge ya mkate yenye nyama ya nguruwe, na supu nyingi zenye vipande vya nyama iliyokaushwa kwa moshi. Kaiserschmarrn, ile chapati nene iliyokatwakatwa kwa sukari na jamu, ni salama ila uulize kama zabibu zake zimelowekwa kwenye ramu. Ramadhani miaka hii inaangukia msimu wa theluji. Kufunga na kuteleza kutwa sikushauri. Aliyefunga achague asubuhi fupi, au apande kwa gondola akatazame. Mwambie mwenye kupanga chakula tangu Novemba, asije akanunua mifuko ya soseji kwa ajili yako.

Siku ya tatu au ya nne miguu hukataa. Ipumzishe. Katika bonde la Ziller kuna njia za kuteleza kwa sleji ya mbao usiku zikiwa na taa, kilomita kadhaa, na huko mjuzi na mwanagenzi wanakuwa sawa. Vaa helmeti, breki ni visigino, na chukua sleji yako mwenyewe. Watu wawili wazima juu ya moja hawasimamishiki.

Jumamosi ndiyo siku ya kupokezana nyumba karibu kote Tyrol, na barabara ya kutoka bondeni hujaa magari tangu saa mbili asubuhi. Rudisheni vifaa vya kukodi Ijumaa jioni. Ondokeni kabla ya saa moja asubuhi, au mwombeni mwenye nyumba awawekee mizigo, mle mchana kwa utulivu na kutoka jioni. Wasio na gari wapande treni ndogo ya bonde hadi Jenbach, kisha ile ya Munich. Dereva awe yule aliyelala mapema. Hesabu za pesa zimalizwe garini au kwenye behewa, kabla wa kwanza hajashuka.